Tusiisome riwaya ya Bessie Head kama faili la daktari

Mhariri,

Makala yenu kuhusu maisha ya mwandishi Bessie Head ilieleza vyema masaibu yake: kuzaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pietermaritzburg, ndoa iliyovunjika, na safari ya mwaka 1964 kwenda Serowe, Botswana, akiwa na mwanawe mdogo na kibali cha kutoka Afrika Kusini bila ruhusa ya kurudi. Nasikitika, hata hivyo, kwamba riwaya yake A Question of Power (1973) ilisomwa humo kana kwamba ni faili la daktari kuhusu maradhi ya akili ya mwandishi, si kazi ya fasihi.

Ni kweli kwamba Elizabeth, mhusika mkuu, anamwacha mume na kuandamwa na vitisho vya akilini, kama ilivyomkuta mwandishi mwenyewe. Lakini mikono yake imo udongoni: analima bustani ya ushirika na kupika jamu ya matunda madogo ya manjano. Hayo pia Head aliyaishi Serowe, na kwa maoni yangu ndiyo yaliyoipa riwaya uhai.

Naomba kurasa zenu za fasihi zichapishe dondoo za riwaya kando ya wasifu wa mwandishi, na walimu wawape wanafunzi kitabu kabla ya kuwasimulia ndoa yake.

Msomaji wenu