Tangazo Lako Nimelifuta Mimi

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, nami ningelainika nikaacha kusema ninalotaka kusema. Tangazo lako la jana usiku, ulilobandika kwenye kundi letu la mtandaoni ambalo mimi ni msimamizi, nimelifuta mimi, kwa mkono wangu. Na lile la juzi pia.

Wewe ulibandika ukaenda zako, hukuona yaliyofuata. Kuna mama mmoja aliingia kundini jana hiyohiyo. Cherehani yake inaruka mishono, na ana nguo ya mtu anayotakiwa kuimaliza kabla ya asubuhi. Alipiga picha ya mshono kwa karibu: mishono mitatu imekaa, miwili imeruka, mmoja umekaa, kisha uzi mtupu. Aliandika kwa adabu ya mgeni, akaomba radhi kwa kusumbua. Dakika mbili baadaye likaja tangazo lako: picha sita, namba ya simu, na "Karibuni wateja wetu wapendwa, tunauza na kutengeneza cherehani za aina zote." Nyuma yako wakaingia watatu waliokuwa wakimngoja wa kuanza: muuza vitambaa, wa mikopo ya haraka, na wa dawa za kupunguza unene. Swali likazama. Yule mama akaandika "basi, asanteni," akanyamaza.

Kilichoniuma ni kwamba jibu ulikuwa nalo wewe. Katika kundi lote lile hakuna anayeijua cherehani kama unavyoijua. Unakumbuka mashine yangu ilipokuwa ikifunga mafundo ya uzi chini ya kitambaa? Nilihangaika na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, wiki nzima. Ulipokuja, hata hukuigusa bobini. Ukaniambia kosa liko juu: nilikuwa napitisha uzi mguu wa mashine, ule unaokandamiza kitambaa, ukiwa umeshushwa, visahani vinavyoubana uzi vikiwa vimefumba, kwa hiyo uzi ulikuwa unapita nje yake. Ukainua mguu, ukapitisha uzi upya, mashine ikashona. Tangu siku ile mtu akiniuliza fundi, nakutaja wewe kabla hajamaliza sentensi. Hayo yote yalitokana na jibu moja, na hukunipa hata kikaratasi chenye jina la biashara.

Najua utaniambia hali ni ngumu, kwamba wenye maduka makubwa wanalipia matangazo kila siku na mtu mdogo hana pa kusemea. Ni kweli, na sikulaumu kwa kutafuta riziki. Ninalokataa ni hili la kuingia mahali watu wanapozungumza, ukasema lako, ukatoka bila kusikiliza la mtu. Wewe si mtu wa namna hiyo. Harusini huingii ukaanza kugawa namba yako kabla hujamsalimia mwenye shughuli.

Utasema pia kwamba njia hii inaleta wateja. Imewahi kuleta, sikatai. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation huko Marekani, aliwatumia watu karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo ambalo hawakuliomba. Alikaripiwa, ila baadaye alidai mwenyewe kwamba liliuza mashine za mamilioni ya dola. Lakini lake lilikuwa peke yake! Watu wale hawakuwa wamezoea kitu kama hicho. Ilipofika Aprili 1994 uvumilivu ulikuwa umekwisha. Mawakili wawili, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo la kusaidia watu kuomba bahati nasibu ya ukaazi wa Marekani katika maelfu ya makundi ya Usenet, mtandao wa majadiliano wa siku zile. Malalamiko yalimiminika mpaka kompyuta za kampuni iliyokuwa ikiwapa intaneti zikazidiwa, na kampuni ikawakatia huduma. Leo lako linaingia mahali ambapo watu wameshachoka miaka mingi kabla yako. Wanalipita bila kulisoma, na wachache wanaolisoma wanakasirika.

Yule kijana uliyemlipa abandike kiungo cha duka lako kila pembe ya mtandao ili Google ikupandishe, pesa yako ameila bure. Tangu Januari 2005 ipo alama ambayo wenye tovuti huiweka kwenye viungo vinavyobandikwa na wageni, ili injini za utafutaji zisivihesabu kama sifa. Mwambie aache.

Tena fikiria namba yako. WhatsApp huzifungia namba zinazolalamikiwa kwa kutuma jumbe zisizoombwa. Namba hiyo ndiyo uliyoiandika kwenye mlango wa karakana, na ndiyo waliyonayo wateja wako wote wa miaka yote. Ikifungwa, watakutafutia wapi?

Lile la juzi ndilo lililoniumiza zaidi, na hili nakuambia kama ndugu. Mtu anauliza, "Jamani, nani anamjua fundi cherehani mzuri?" Dakika hiyohiyo mwingine anajibu kwa sifa kedekede na namba yako. Hao wote wawili walijiunga siku moja, na picha waliyoweka ni ya meza yako, ile yenye alama ya pasi kwenye kona. Niliitambua mara moja. Umoja wa Ulaya ulilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2005, mfanyabiashara kujifanya mteja. Lakini hata pasingekuwa na sheria popote, wewe sifa za kweli unazo, mimi mwenyewe ni shahidi. Za kutunga unazitakia nini?

Jumamosi ni siku ya matangazo katika kundi letu. Leta lako siku hiyo, kwa jina lako, na nitakuwa wa kwanza kuandika chini yake kwamba umenitengenezea mashine. Siku nyingine pita tu, ujibu swali moja unaloliweza. Usiweke namba, atakayeihitaji ataiomba. Na mtu akiuliza pa kununua cherehani, taja duka lako na la mwingine unayemwamini, useme wazi lipi ni lako. Kwenye makundi mengine muulize msimamizi kwanza kabla ya kubandika. Wengi wetu hukubali tukiombwa.

Swali la yule mama nimelirudisha juu, na yale manne yaliyolizika nimeyaondoa. Nguo ile lazima imeshachelewa, lakini hajatoka kundini. Picha yake nimeikuza nikaitazama sana. Mimi nahisi sindano imeingia kinyume, au ncha yake imekufa, sina hakika. Wewe ukiiona utajua. Mjibu leo, Mwanaidi, kabla hajaamua kuiuza mashine.

Nisalimie watoto.

Wako akupendaye,
Rukia