Risala ya wakulima na wagumu wa Machame kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Milima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji,
Viongozi wetu wa dini,
Wazee wetu,
Walimu na wanafunzi,
Wanakikundi wenzangu na ndugu wananchi,

Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Assalaam alaykum.

Karibu Machame. Umekuja wakati mzuri. Leo ni tarehe 11 Desemba; ndani ya wiki mbili zijazo barabara uliyopandia itajaa watoto wetu wanaorudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko kula Krismasi nyumbani. Watakapofika, kitu cha kwanza watakachoangalia ni kama mlima wetu wa Kilimanjaro uko wazi. Nasi tumekuomba uje leo tuzungumze habari za mlima huo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kina wakulima wa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, wengi wao kina mama, na kina watu wanaopanda na wageni: waongozaji, wapishi na wapagazi, ambao huku tunawaita wagumu. Ukihesabu kwa kazi ni makundi mawili, lakini nyumba ni zile zile. Mume yuko juu mlimani, kambi ya Barafu, na mzigo wa mgeni, mke yuko kihambani anapalilia kahawa na kumkatia ng'ombe majani. Mume akishuka, fedha yake inalipa ada ya shule. Akikosa safari, nyumba inaishi kwa ndizi na maziwa ya mama. Ndivyo tulivyosomesha.

Tangu mwaka 2019 tumekuwa tukisikia habari za mpango wa kujenga magari ya waya upande huu wa Machame, ya kuwapandisha watalii hewani hadi kwenye mita 3,700 hivi. Habari hizo huja, hupoa, halafu hurudi. Tumezisikia redioni, tumezisoma kwenye simu za vijana wetu. Katika mkutano mkuu wa kijiji chetu hatujazisikia bado, na hilo ndilo lililotufanya tuandike risala hii.

Hatusemi mlima ni wetu peke yetu. Yuko mama mmoja hapa kwetu ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni. Aliposikia habari hii alifurahi, akasema angependa kuiona barafu kwa karibu kabla haijaisha. Hakuna aliyembishia. Barafu yenyewe inakwisha kweli: kati ya mwaka 1912 na 2000 mlima ulipoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake la barafu. Watanzania wengi hawajawahi kuukanyaga mlima wao, na mtu anayetafuta njia ya kuwafikisha anatafuta jambo jema. Tunachouliza ni njia ipi, na nani atalipa gharama yake.

Mheshimiwa, mlima huu unalisha watu kwa siku. Njia ya Machame inachukua siku sita au saba. Mgeni mmoja huhitaji wagumu watatu au wanne, mbali na mwongozaji na mpishi. Wageni wanne wakipanda kwa siku saba na wagumu kumi na wawili, hizo ni siku 84 za kazi, kabla hujamhesabu mwongozaji, mpishi, mama aliyeuza karoti na viazi vya safari, na kijana wa gari la kuwapeleka getini. Hata Hifadhi yenyewe hutoza ada yake kwa siku. Wageni hao hao wanne wakipanda kwa waya asubuhi, watakuwa wamerudi hotelini jioni. Siku 84 zitakuwa zimekwenda wapi? Tumeambiwa watu watakuwa wengi zaidi, na kwamba wapanda kwa miguu wataendelea kuwepo. Tungependa kuziona hesabu hizo zimeandikwa, kwa sababu sisi tumezipiga zetu kwa vidole na hazitutoki usingizini.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1889, Wazungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni, inasimuliwa kwamba miongoni mwa waliowaongoza mlimani alikuwamo kijana wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo. Toka hapo baba amemfundisha mwana. Hata kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgumu kimewekwa kwa sababu migongo ya watu iliumia kwanza.

Liko pia suala la afya. Neno la kwanza tunalomfundisha mgeni ni "pole pole". Kuanzia mita 2,500 kwenda juu, mwili wa mtu asiyezoea huanza kuhangaika na uchache wa hewa, na dawa yake kubwa ni muda. Mpandaji wa miguu hufika mita 3,700 siku ya pili, akiwa amelala usiku mmoja njiani. Atakayepanda kwa waya atafika huko kwa dakika chache akitoka chini kwenye joto, na miongoni mwa watakaopanda hivyo watakuwamo wazee, watoto na wasioweza kutembea. Wagumu waliopo hapa wameshateremsha wagonjwa kwa machela usiku, kwenye mvua na matope. Wanajua kichwa cha mlima kinavyouma. Je, huko juu kutakuwa na daktari na oksijeni kila siku? Na upepo ukisimamisha nyaya watu wakiwa hewani?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ardhi. Kituo cha chini hakikai hewani. Kinataka maegesho, vyoo, mikahawa, barabara pana, na maji mengi. Vihamba vyetu vimegawanywa kizazi kwa kizazi, vingi sasa havifiki ekari mbili. Ndani ya ekari hizo kuna migomba, kahawa chini yake, miringaringa juu yake, zizi, na makaburi. Mpaka ni mmea wa sale, uleule anaoupeleka mtu kwa jirani yake anapoomba msamaha. Mtu akifidiwa shamba analipwa miti na nyumba. Bibi yake aliyezikwa nyuma ya nyumba analipwaje?

Tunalisema hili tukikumbuka "nusu maili", ukanda wa pembeni mwa msitu wa mlima. Ukanda ule ulitengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani bila kuugusa msitu wa ndani. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi ulipoingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa, mambo yalibadilika, na kina mama walijifunza upya wapi pa kukanyaga na wapi pa kuacha. Tulikubali kwa ajili ya msitu. Sasa mama aliyekatazwa kukata fito za banda lake, tukamwambia ni kwa faida ya wote, tutamwelezaje nguzo za chuma zikipandwa katika msitu huo huo?

Na msitu huo ndio maji yetu. Mawingu yanagonga miti, yanadondoka, yanaingia ardhini, yanatoka chemchemi, tunayachukua kwa mifongo, mifereji waliyochimba babu zetu. Kila mfongo una zamu zake na siku yake ya kuzibua. Yanayobaki yanashuka hadi bonde la Pangani, hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Mlima huu umeotesha mti mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, mita 81.5. Oktoba 2020 moto ulipowaka juu, vijana wa vijiji, wagumu na wanafunzi walipanda na matawi mabichi kuuzima, wengine wakiwa na viatu vya kuazima. Hawakusubiri kuulizwa mlima ni wa nani. Sijataja ndege wakubwa wa mlimani watakaokutana na nyaya kwenye ukungu. Wataalamu watalisema vizuri zaidi yetu.

Mheshimiwa, tunaomba utufikishie haya. Wenye mradi waje kwenye mkutano mkuu wa kijiji na ramani, maelezo yawe kwa Kiswahili, tuyapate mapema tuyasome, na maswali yetu yaandikwe kwenye muhtasari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano huo uzito wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ifanyike kabla kazi haijaanza. Tunaomba tathmini hiyo ihesabu mifongo yetu na siku za kazi za wagumu, pamoja na miti na wanyama. Kilimanjaro ni Urithi wa Dunia tangu mwaka 1987, kwa hiyo haraka haina sababu.

Na kama nia ni kuwafikisha wasioweza kutembea, upande wa Londorossi, magharibi mwa mlima, iko tayari barabara ambayo gari huifuata hadi uwanda wa Shira. Itengenezwe vizuri, vijana wetu wapewe mafunzo ya kuwahudumia wazee na walemavu, na yule mama yetu awe wa kwanza kupelekwa. Sisi tutamsindikiza.

Tumekuandalia mkungu wa ndizi na kahawa ya vihamba vyetu. Kabla hujaondoka tunaomba upande mche wa mringaringa hapa uwanjani, karibu na ofisi ya mwalimu mkuu, ambapo mfongo unapita.

Tunaomba kuwasilisha.