Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sura Zilizolala Mezani

Ndugu wanachama,

Hesabu za chama chetu cha wanafunzi wa uzamivu (PhD) atazisoma mweka hazina, na habari za semina za uandishi ziko kwenye taarifa ya katibu. Sitazirudia. Nitasema jambo moja lililokula muda wa kamati yenu kuliko mengine yote mwaka huu: sura ya tasnifu inayopelekwa kwa msimamizi na isirudi.

Hali yenyewe mnaijua. Uzamivu wa muda wote, kwa kanuni za vyuo vyetu vingi, ni miaka mitatu. Kila baada ya miezi kadhaa mwanafunzi hujaza ripoti ya maendeleo, msimamizi anaweka saini, mkuu wa idara anaweka yake, karatasi inakwenda kurugenzi ya masomo ya uzamili. Ukizisoma karatasi hizo huko kurugenzini utaona hakuna aliyekwama. Fomu inamuuliza mwanafunzi amefanya nini. Haimuulizi anasubiri nini. Aliyepeleka sura ya pili kabla ya Ramadhani, na Idi ya kuchinja imepita bila kupata hata mstari mmoja wa maoni, kwenye fomu ameandikwa "anaendelea vizuri". Anayeandika hivyo ndiye huyo huyo anayesubiriwa.

Kwa nini hatusemi? Wengi wetu ni wahadhiri wasaidizi. Msimamizi ndiye anayetupangia vipindi, na kesho ndiye atakayekaa kwenye kikao cha kupandisha vyeo. Walio nje ya vyuo nao wanaogopa siku ya utetezi wa tasnifu. Nimewasikia baadhi yenu mkisema ni afadhali kumaliza kwa miaka saba na heshima kuliko mitano na ugomvi. Siwalaumu, ila sikubaliani nanyi. Miaka miwili ya ziada ni ada, ni ruhusa ya mwajiri iliyokwisha, ni data inayochakaa.

Kamati iliandaa daftari la usimamizi. Si jambo kubwa: ukurasa mmoja kwa kila kikao, tarehe kazi ilipowasilishwa, tarehe iliporudi, kilichokubaliwa, saini mbili. Tulilipeleka kwa wakurugenzi na wakuu wa idara waliokubali kutupokea. Wapo waliolipokea vizuri na kuahidi kulijaribu. Wapo waliotuambia tunataka kuwawekea maprofesa karani. Hoja iliyotusaidia zaidi ilitoka kwa msimamizi mmoja mkongwe. Alisema yeye ndiye anayelihitaji, maana ana wanafunzi waliopotea mwaka mzima, simu hazipokelewi, kisha wanaibuka na rasimu nzima wakidai kutetea mwezi ujao. Daftari litamwonyesha nani aliyelala. Amesema kweli, na wanaohusika humu ukumbini wanajijua.

Haki isemwe pia kwa walimu. Kupitia HEET, mradi wa serikali yetu ya Tanzania wa kuimarisha elimu ya juu, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, wahadhiri wengi wa vyuo vya umma wamepelekwa masomoni kuchukua shahada za juu. Ni jambo jema, na baadhi yenu ni wanufaika. Lakini kabla hawajarudi, mzigo wao wanaubeba waliobaki. Mnakumbuka ya jirani zetu wa Kenya: Juni 2019 chuo cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia kilitunuku shahada 118 za uzamivu katika mahafali moja, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya huko ikaingia kuchunguza. Maneno yalikuwa mengi, ila mimi lililonikaa ni swali la darasa la nne: walimu wangapi, wanafunzi wangapi? Chuo kinachodahili watafiti bila kulijibu swali hilo kinauza nafasi ambazo hakinazo. Kwetu kosa huja kwa upande wa pili. Hatutoi wahitimu wengi mno, tunawaweka wengi mno kwenye foleni.

Wasimamizi wawili ni utaratibu mzuri wakielewana. Wasipoelewana, mmoja anataka hojaji, mwingine anataka mahojiano ya kina, na fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Tumependekeza maoni yao yatolewe kwa pamoja, kwenye karatasi moja. Baadhi ya idara tayari zinafanya hivyo.

Kuhusu vibali vya utafiti, nimeulizwa sana, basi nieleze. Barua ya chuo mnayoibeba kwenda uwandani si hisani ya mtu. Mamlaka ya Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kutoa kibali kwa wanafunzi na watumishi wake yanatokana na waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980, enzi za UTAFITI, baraza la taifa la utafiti la wakati huo, kabla mrithi wake, COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), haijaundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya una njia yake ya maadili kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Zanzibar ina taratibu zake. Kuanzia hapo ni muhuri juu ya muhuri: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mpaka mtendaji wa kata ambaye yuko msibani na ofisi imefungwa. Hayo tumeyazoea. Tusilopaswa kulizoea ni barua kumaliza muda wake huku hojaji ikiwa bado mezani kwa msimamizi. Barua ina tarehe ya mwanzo na ya mwisho. Meza ya msimamizi haina. Mwanachama wetu mmoja alilazimika kuanza upya mlolongo wote wa mihuri kwa sababu hiyo, na nauli ilitoka mfukoni mwake.

Turnitin, programu inayopima maandishi yanafanana kiasi gani na ya wengine, niiguse kidogo. Siipingi. Lakini kuna ofisi ambako asilimia inayotoka kwenye mashine imegeuka kuwa ndiyo usomaji wenyewe: ikiwa chini, sura inapita, ikiwa juu, inarudishwa bila neno. Sura ya mbinu hufanana na za wengine kwa asili yake, na sura isiyofanana na chochote inaweza kuwa upuuzi mtupu. Ni lazima mtu asome.

Limebaki suala la waliofiwa na wasimamizi au ambao wasimamizi wao wamestaafu au kuhama. Mwaka huu wamekuja kwetu wanachama ambao kwa muda mrefu hawakuwa na mtu wa kumpelekea hata ukurasa, na ada wanaendelea kudaiwa. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo lisilo na utetezi wowote. Msimamizi ameteuliwa na chuo, kwa hiyo akiondoka ni kazi ya chuo kuteua mwingine. Mwanafunzi asitumwe kubisha milango ya maprofesa akiomba kuasiliwa.

Kamati inaleta azimio lenye mambo matatu: daftari la usimamizi liambatanishwe na kila ripoti ya maendeleo, maoni ya sura yatolewe ndani ya siku 30, au msimamizi aeleze kwa maandishi kwa nini hayajatoka, na asiye na msimamizi apewe mwingine ndani ya siku hizo hizo, ada ikisimama mpaka apewe. Najua kipengele cha ada kitapingwa, hata na baadhi ya wajumbe wa kamati yangu. Azimio liko kwenye ajenda namba tano, nakala ziko kwa katibu mlangoni, na kura itakuwa ya siri.