Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi nitazungumzia siku ya kukusanya vyura na reptilia vijijini, kwani sampuli nyingi huharibikia hukohuko, kabla hazijafika Dar.

Kwanza vibali. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, hutoa kibali cha utafiti, na maombi ya wanyamapori hupitia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Kwa msitu kama Pugu-Kazimzumbwi ongezeni ruhusa ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Hata mkiwa na karatasi zote hizo, pigeni hodi kwa mtendaji wa kijiji. Watu wasiojulikana wakionekana na tochi mtoni usiku wa manane, wanakijiji wana haki ya kuwashuku.

Ndoo za mitego, za lita 20, hufukiwa mpaka mdomo ulingane na ardhi, na ukuta wa nailoni wa kuwaelekeza wanyama, wa kama sentimita 50, upite juu ya ndoo, pindo lake la chini likiwa limefukiwa. Zitobolewe chini, la sivyo mvua ya usiku itazamisha mijusi yote. Zikaguliwe alfajiri, siafu wakiwatangulia, mtakuta mifupa. Mkiondoka ng'oeni kila ndoo, maana iliyosahaulika huendelea kuua.

Mezani, mpangilio ndio kila kitu. Mnyama apigwe picha akingali hai, kwa kuwa rangi yake hufifia ndani ya spiriti, yaani ethanoli. Chura auawe kwa benzokaini, dawa ya ganzi. Kipande cha ini au msuli kitangulie kuingia kwenye ethanoli ya asilimia 95, kwa sababu fomalini, dawa ya kukakamaza na kuhifadhi mwili, huharibu DNA. Kisha mlazeni kwenye sinia, vidole vimetandazwa, kwenye fomalini ya asilimia 10: sehemu 1 ya fomalini kali kwa 9 za maji. Nyoka mnene adungwe fomalini tumboni, vinginevyo ataoza kwa ndani huku ngozi ikionekana nzima. Mnyama akishakakamaa, huoshwa kwa maji na kuhamishiwa ethanoli ya asilimia 70.

Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu za kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na hapo mnabaki na chura asiye na kwao. Jina la kijiji peke yake halitoshi: tunataka vipimo vya GPS, mwinuko, saa, na kama alikuwa juu ya jani au chini ya gogo.

Kati ya kijito na kijito, gambuti zisuguliwe tope, zipakwe jiki, zikaushwe. Kuvu ya kitridi, inayougua ngozi ya vyura na kuwaua, husafiri kwenye tope bichi. Ilikutwa kwenye korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 2003, wakati ambapo chura wa huko alikuwa tayari amepungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, akabaki kwenye bustani za wanyama Marekani.

Swila, kifutu na koboko waachiwe wenye uzoefu, na gari lisiondoke kambini usiku, lisije likakosekana mtu akiumwa na nyoka.

Kamati inapendekeza kabati letu la kuhifadhia lisipokee tena sampuli ambayo namba yake haifanani na ya daftari na ya kichupa cha ini. Mtalipigia kura leo, kwenye ajenda namba 6.