Mdogo wangu, maswali 60 kwa usiku mmoja hayanifurahishi

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu voisi noti yangu ya dakika tisa hujaisikiliza mpaka leo, na pia kwa sababu najua hauko peke yako, kuna wenzako kibao wanaotoka kazini wamechoka halafu wanakaa na GMAT, ule mtihani wa kuombea nafasi ya kusoma MBA, mpaka usiku wa manane wakifanya hichohicho unachofanya wewe. Usinune. Jina lako sijalitaja.

Juzi saa sita na nusu usiku umenitumia skrinishoti, "Dada leo nimepiga maswali 60!!!" na vimoto vitatu. Nikakuuliza umekosa mangapi, ukasema 27. Nikakuuliza umekosea wapi, ukajibu "aah makosa ya haraka tu". Yote 27 ya haraka? Hapana aisee.

Hebu tulirudie lile moja ulilolalamikia, la data safishensi, yaani unapewa swali na taarifa mbili, unachagua ni taarifa ipi inatosha kulijibu. Mimi nalivalisha nguo za kwetu tu. Mteja kanunua maandazi na chapati, andazi moja sh 300, chapati moja sh 700, hakuna kuuziwa nusu. Je, kanunua chapati ngapi? Taarifa ya kwanza: kalipa jumla sh 2,900. Taarifa ya pili: vitu vyote kwa jumla vilikuwa 7. Wewe ukachagua C, yaani taarifa zote mbili kwa pamoja ndo zinatosha, moja moja hazitoshi. Na najua kabisa ilivyokuwa kichwani, umeona visivyojulikana viwili ukamkumbuka mwalimu, visivyojulikana viwili vinataka milinganyo miwili, ukapanga vizuri ukatoa chapati 2 na maandazi 5, ukatabasamu ukasonga mbele.

Jibu ni A. Ile 2,900 peke yake inatosha. Jaribu mwenyewe: asiponunua chapati hata moja, 2,900 haigawanyiki kwa 300. Chapati 1, inabaki 2,200, haigawanyiki. Chapati 2, inabaki 1,500, maandazi 5, sawa. Chapati 3, inabaki 800, hapana. Chapati 4, inabaki 100 ambayo hata andazi hupati. Basi, njia ni moja tu na taarifa ya pili hatujaigusa. Mama ntilie yeyote angekwambia hivyo huku anageuza chapati.

Sasa niambie hapo haraka iko wapi? Hesabu yako ilikuwa sawa mwanzo mpaka mwisho! Ulichofanya ni kusolvu kitu ambacho hujaulizwa. Maswali haya ya data safishensi hayataki kujua chapati ni ngapi, yanataka kujua kama taarifa uliyopewa inatosha kulipata jibu, halafu basi, unaondoka. Ila sisi tumelelewa na "onyesha njia", hata jibu likiwa bovu mwalimu anakuonea huruma anakupa maksi mbili za njia, kwa hiyo mkono unaanza kuandika kabla kichwa hakijaelewa kinaulizwa nini. Huku njia haina maksi, na kuna wakati hata jibu lenyewe hakuna anayelitaka.

Ndo maana nakusumbua na habari ya daftari la makosa. Sio kuandika namba ya swali na jibu sahihi, hilo halina kazi. Andika sentensi moja, nilifikiri nini kikanipeleka kwenye jibu baya. Na neno "haraka" nimelipiga marufuku kwenye hilo daftari. Kwa chapati ungeandika "nimekimbilia milinganyo miwili, sikuangalia kwamba vitu haviwezi kuwa nusu." Kwa lile la jana ungeandika "nimesahau x inaweza kuwa hasi", maana wakikwambia x² ni kubwa kuliko 1 wewe tayari ushaamua x ni kubwa kuliko 1, na -2 je, amekukosea nini? Hilo la hasi nimeliona kwako mara nne wiki hii. Mara nne! Ungekuwa na daftari ungeliona mwenyewe siku ya pili.

Halafu kile kitabu cha mtumba. Najua umekipata kwa bei ya kutupa, ila ni cha zamani mno. Huu mtihani walishaubadilisha, toleo jipya lilianza Novemba 2023 na la zamani likafungwa mwishoni mwa Januari 2024. Maswali ya kusahihisha sentensi za Kiingereza yametolewa, insha imetolewa, jiometri imetolewa, na hii data safishensi wameihamishia kwenye sehemu ya data. Umekaa wiki tatu unajifunza kusahihisha sentensi ambazo hazitokuja! Nilipoliona hilo niliumia kuliko wewe. Siku hizi ni sehemu tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, data maswali 20. Ndani ya kile kitabu chukua aljebra, asilimia, kasi na ufahamu, kwingine funga. Na ile mitihani miwili ya majaribio ya bure kwenye mba.com usiiguse kwanza, itunze, ukiichezea sasa hivi baadaye hutakuwa na kipimo cha kweli.

Habari njema ni moja, na sijui kwa nini hakuna anayekwambia. Sehemu ya hesabu haina kalkuleta, inapatikana kwenye sehemu ya data peke yake. Watu wengi hapo wanatetemeka. Wewe mtihani wa hesabu wa fomfo umeufanya bila kalkuleta, unafunuafunua foo figa, kile kijitabu cha majedwali ya hesabu, unagawanya kwa mkono, sasa unaogopa nini? Tatizo lako ni kwamba unagawanya hata pasipo na haja. Wakikuuliza 19.8% ya 503 na majibu ya kuchagua yamepishana sana, hawataki desimali zako, wanataka uone ni kama 100 uendelee na safari.

Kwenye lugha wewe una ugonjwa wa peke yako, ugonjwa wa kujua mambo. Afisa mikopo akiletewa swali la mikopo basi ni vita. Lile la wakulima waliopewa mbegu mpya, mavuno yakapanda, mwandishi akasema mbegu ndo zimeleta mavuno, wakakuuliza ni kipi kinadhoofisha hoja yake. Wewe ukachagua eti wakulima wengi hawarudishi mikopo kwa wakati, ukaniandikia na meseji ndefu kuhusu mteja wako mmoja. Mdogo wangu, nakuamini kabisa, ila mteja wako hayumo kwenye swali! Jibu lilikuwa lile la mvua, kwamba mwaka huo mvua ilinyesha vizuri kuliko miaka iliyopita, basi labda ni mvua na sio mbegu. Ukifika kwenye lugha kazi yako iache mlangoni na viatu.

Na muda. Hapa nasema kwa aibu kwa sababu mimi mwenyewe mara ya kwanza niliangukia hapo. Swali la sita la hesabu lilinikamata, nikasema haliwezi kunishinda mimi, nikakaa nalo dakika saba. Dakika saba wakati kila swali lina dakika mbili na sekunde chache! Nilivyokuja kuangalia saa jasho lote, mwisho nikaacha manne bila kujibu, na kuacha bila kujibu kunakukata maksi. Tumezoea pepa la shule, unafunua kurasa zote, unaanza na rahisi, magumu unayarudia. Huku husogei mpaka ujibu lililo mbele yako. Mwisho wa sehemu, kama muda umebaki, unaruhusiwa kurudi na kubadilisha majibu matatu, hayazidi. Kwa hiyo likikukaba, otea, liwekee alama, nenda. Na ukiona maswali yanazidi kuwa magumu usianze kulia ndani ya chumba, kompyuta inakupandishia ugumu kadri unavyopata.

Sasa kwa wiki hii nataka hivi. Maswali 15 kwa siku, yasizidi, na muda utakaobaki wote ni wa yale uliyokosa, pamoja na yale uliyoyapata kwa kuotea, maana hayo nayo ni makosa yaliyobahatika. Yale ya Jumatatu uyarudie Alhamisi bila kuangalia majibu. Jumamosi nakuja kwa mama mdogo, mwambie nitakula hukohuko, na nikifika nataka nilikute daftari mezani, skrinishoti za vimoto sifungui tena.

Na ile voisi noti isikilize jamani. Dakika ya saba hapo sijaongelea GMAT, nimeongelea mchango wako wa harusi ya kaka, kamati inafunga Ijumaa na jina lako bado halijawekwa tiki.

Dada yako