Haki zetu zifuatiliwe na sisi wenyewe, ila tufundishwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu ufuatiliaji wa haki za watu wenye ulemavu hapa Dar es Salaam.

Natembea kwa magongo. Mwaka jana nilifuata huduma kwenye ofisi moja iliyoko ghorofa ya pili, lifti hakuna. Mlinzi, kwa nia njema kabisa, alinipa kiti chini ya ngazi akapanda kumwita karani. Karani akashuka na faili, akanihoji palepale watu wakipita: naumwa nini, nina mume, nani ananilisha. Nilijibu kwa sauti ya chini, akaniambia niongeze sauti. Tulipomaliza akaandika kwenye daftari: "Amehudumiwa."

Neno hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mkaguzi akilifungua daftari lile atanihesabu miongoni mwa waliohudumiwa, na hesabu yake itakuwa sahihi.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 33 inataka watu wenye ulemavu na vyama vyao washiriki kikamilifu katika ufuatiliaji. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, na kamati zetu zipo hadi ngazi ya mtaa. Lakini kazi hii ina ufundi wake, uchungu peke yake hautoshi. Anayemhoji kiziwi amtazame kiziwi mwenyewe, si mkalimani wala ndugu aliyemsindikiza. Nimeshuhudia mama kiziwi akiulizwa swali, wifi yake akadakia, "Huyu hana shida," na fomu ikajazwa hivyo hivyo! Mfuatiliaji ajue kuomba ridhaa, kutunza siri na kuandika maneno ya mtu kama alivyoyasema. Ajue hata kushika futi kamba. Kwa kipimo kinachotumika sana, njia ya kiti mwendo inayopanda sentimita 50 inatakiwa kuwa na urefu wa mita 6. Mjini hapa zipo ambazo bila vijana wawili wa kusukuma hupandi, na kwenye ripoti huandikwa tu kwamba njia ipo.

Naziomba halmashauri zetu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora na SHIVYAWATA, yaani shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, waanze kwa kuwafundisha wajumbe wa kamati hizo za mitaa: asiyeona, kiziwi, mwenye ualbino, mzazi wa mtoto mwenye ulemavu wa akili. Mafunzo yawe ya siku za kutosha, makabrasha ya nukta nundu yawepo, mkalimani wa lugha ya alama akae mwanzo hadi mwisho. Nauli nayo itolewe asubuhi, maana wa Chanika anayepanda bajaji mbili hawezi kusubiri posho ya jioni.

Wakishafuzu, waende kwenye ofisi hizo hizo wakaulize mtu alihudumiwa wapi, na nani alikuwa anasikiliza. Ile yenye ngazi niliyokaa chini yake nitawapeleka mwenyewe.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam