Breki iliyoambiwa "itashika ikipata moto": malalamiko kuhusu wikiendi ya mbio na kambi Lushoto

Dar es Salaam,
24 Juni 2025

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: BAISKELI NAMBA 14 NA AMANA YETU YA SH. 210,000 MLIYOIZUIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye niliyelipia kundi la watu watano waliokuja Lushoto kwenye wikiendi yenu ya mbio za baiskeli za milimani na kambi, Ijumaa 13 hadi Jumapili 15 Juni. Tulilipa Sh. 180,000 kila mtu, jumla Sh. 900,000, na juu yake amana ya Sh. 60,000 kwa kila baiskeli. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatukupewa, ingawa tuliidai kama tunavyohimizwa kila siku redioni. Kijana wa mapokezi alisema mashine imepelekwa Tanga kutengenezwa, akatuchania karatasi ya daftari na kuigonga mhuri. Hilo tuliliacha lipite, maana tulikuja kufurahi.

Nilikusudia kuwapigia simu tuyamalize kiungwana. Lakini Alhamisi ya tarehe 19 mlinitumia ujumbe kwamba katika amana ya Sh. 300,000 mtarudisha Sh. 90,000 tu, na kinachobaki ni fidia ya usukani uliopinda, mkono wa breki uliovunjika na rangi ya fremu iliyochubuka. Mkamalizia kwamba "mteja alisaini fomu ya kukubali hatari." Baada ya ujumbe huo nikaona simu haitoshi.

Nianze na Ijumaa. Tulifika saa kumi na moja jioni, tumeshazungushwa na kona zote za kutoka Mombo, na shemeji yangu (mume wa dada yangu) ndiye alikuwa wa kwanza kuchagua baiskeli kwa sababu ya urefu wake. Alipewa namba 14. Aliizungusha mara mbili pale uani kwenu, akarudi akasema breki ya mbele haishiki. Fundi wenu aliinyanyua baiskeli, akazungusha gurudumu la mbele kwa mkono, akabana. Gurudumu likasimama. Akasema, nanukuu, maana tulikuwa watano tukisikia: "Hizi pedi mpya, kaka. Itashika ikipata moto."

Naomba hapo tupate kuelewana. Mimi naendesha baiskeli kwenda kazini mwaka wa sita sasa, na najua alichokisema kina nusu ya ukweli. Pedi mpya za breki ya diski, vile vipande vinavyobana sahani ya chuma ya gurudumu, kweli huanza zikiwa legevu. Unatakiwa uzishikishe: unakwenda kasi kiasi, unabana, unaachia, unarudia mara nyingi mpaka unga wa pedi ujipake kwenye diski. Kwa hiyo tulimwamini. Lakini gurudumu linalozunguka hewani hata mtoto analisimamisha kwa kidole. Kumsimamisha mtu wa kilo 84 anayeteremka kwenye utelezi ni kazi nyingine kabisa, na kwenye mteremko uzito mwingi unahamia mbele, ndiyo maana breki ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Fundi wa baiskeli za milimani anajua hivyo kabla hajajua jina lake. Kumpa dakika tano aizungushe barabarani kusingemgharimu kitu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa nzuri, na sitaki kuwadhulumu kwenye hilo. Ukungu ulikuwa umelala juu ya msitu wa Magamba, barabara ya kupanda ilikuwa na unyevu, na kila tulipopita watoto walikuwa wanatukimbiza na kutuhesabia namba. Mpando wenu umetoa watu jasho kweli. Nilifika juu mapafu yakiwa mdomoni, na kama barua hii ingeishia hapo ingekuwa ya shukrani.

Kwenye kuteremka, shemeji alikuwa mbele yangu kama mita sitini. Nilisikia kabla sijaona: mlio mwembamba wa breki, kama mbuzi anayeburutwa, ukaendelea, ukaendelea, halafu ukakatika. Nilipofika kwenye kona, baiskeli ilikuwa imelala mtaroni na shemeji alikuwa chini ya barabara, kwenye tuta la kabichi, amekaa, ameshika bega la kulia, kofia ngumu imekaa upande. Alinitazama akasema, "Imepata moto. Haijashika."

Mama mwenye shamba alitoka na jembe mkononi, akaliweka chini, akamletea maji ya kunawa damu kwenye kiwiko. Kabichi nane zilikuwa zimelala. Tulimlipa, naye alikataa mara mbili kabla hajapokea. Hizo kabichi siwadai.

Tangazo lenu lilisema kutakuwa na mtu wa msaada kila kilomita tano na gari linalofuata mbio nyuma. Tulisubiri dakika hamsini. Namba mliyoibandika kwenye vibao vya mbio iliita bila kupokelewa, na mwishoni shemeji alipelekwa hospitali kwa bodaboda, akiwa katikati ya dereva na mwenzetu aliyemshikilia kwa nyuma. Kiwiko kilishonwa nyuzi tano. Picha ya eksirei ikaonyesha mtulinga umepata ufa. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, na mkono uliofungwa kwa kitambaa shingoni ndio anaoandikia ubaoni. Dada yangu alinikabidhi mumewe akiwa mzima na mpaka leo akinipigia simu huanza kwa kuniuliza kama ninalala vizuri.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ujumbe wenu haukuligusa. Saa kumi jioni tuliisukuma baiskeli namba 14 hadi kwa fundi wa pikipiki pale mjini, kwa sababu fundi wenu tuliambiwa yuko kwenye zawadi. Kijana yule alitoa gurudumu la mbele, akachomoa pini, akatoa pedi mbili na kuziweka kwenye kiganja chake. Moja ilikuwa imekwisha kabisa. Hapakuwa na pedi tena, ni chuma kitupu, na kilikuwa kimeichora diski mistari ambayo ukipitisha ukucha unanasa. Ya pili ilikuwa imebaki unene wa kadi ya simu, nyeusi, inang'aa. Aliinusa, akanipa na mimi ninuse. "Hii imekula mafuta," alisema. Mafuta ya cheni yaleyale mliyokuwa mnapulizia baiskeli zote pale uani Ijumaa, zimelazwa pamoja ubavu kwa ubavu. Pedi ikishanyonya mafuta haishiki tena, inalia tu, na kadiri unavyobana ndivyo inavyolia.

Pedi mpya, kaka.

Tulipiga picha hatua kwa hatua, na pedi zenyewe ninazo kwenye bahasha. Naomba mwenye kusema usukani ulipindishwa na mteja azitazame kwanza. Usukani ulipinda kwa sababu mtu alianguka, na alianguka kwa sababu mlimkabidhi chombo kisichosimama baada ya yeye mwenyewe kuwaambia hakisimami. Huko kumtoza yeye matengenezo ni sawa na mwenye nyumba kumdai mpangaji pesa ya paa lililomwangukia.

Kuhusu fomu. Ni kweli tulisaini, nami ninayo nakala. Inataja mawe, mizizi, tope, wanyama, hali ya hewa na uchovu. Hayo yote tuliyakubali na tuliyapata, na hakuna hata mmoja wetu aliyelalamika. Hakuna mstari unaosema nakubali kupewa breki zisizo na pedi. Hata ungekuwepo, sidhani kama ungewasaidia mbele ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya uongo kuhusu huduma anayouziwa.

Mahema nitayataja kwa kifupi kwa sababu hayakuvunja mtu mfupa. Kambi ya Irente mahali pake hapana mfano, unakaa ukingoni unatazama tambarare yote mpaka kwenye taa za magari ya barabara ya Moshi. Lakini Juni kule juu ni baridi ya kutafuna masikio, na kati ya mahema mawili tuliyopewa moja halikuwa na turubai la juu, la pili zipu yake ilifungwa kwa pini za nguo. Mifuko ya kulalia "ya baridi kali" ilikuwa mitatu, sisi watu watano. Tuliokosa tulikesha jikoni kwa mama mpishi wenu, ambaye alitukorogea chai ya tangawizi saa nane usiku bila kuombwa na bila kununa. Huyo muongezeeni mshahara. Nasema kwa dhati.

Ninachoomba ni hiki. Mturudishie amana iliyobaki, Sh. 210,000. Mumrudishie shemeji kiingilio chake, Sh. 180,000, kwa sababu mbio zake ziliishia kwenye kabichi. Mlipie matibabu, Sh. 145,000, ambayo stakabadhi zake nimeziambatanisha pamoja na picha, nakala ya fomu na ile karatasi yenu ya daftari. Jumla ni Sh. 535,000. Tena nataka barua, siyo ujumbe wa simu, inayoeleza nani alikagua baiskeli namba 14, lini, na kama bado inakodishwa. Hilo la mwisho naomba mlijibu hata kabla ya pesa, maana tulipoondoka Jumapili niliiona imesimamishwa tena kwenye foleni pale uani, imefutwa tope, namba inasomeka vizuri.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka kama ilivyo kwenye Tume ya Ushindani, na pedi zangu kwenye bahasha.

Wenu,
Mlipaji wa kundi la watu watano

Nyongeza: Chupa ya maji ya shemeji, ya bluu, yenye kifuniko kilichofungwa kwa mpira, ilibaki kwenye gari lililobeba mizigo yetu kwenda Irente. Ameiulizia mara nne. Ikionekana, ipakieni na ile barua.